Maziwa ya Wageni

Ng'ombe wa nyumba ile aliitwa Mheshimiwa, kwa sababu alikula sana, alitembea polepole na hakupenda kuulizwa maswali. Alipotupa mimba ya miezi saba, Jumanne asubuhi, juu ya sakafu ya banda iliyokwisha kufagiliwa mara mbili, mwenye ng'ombe hakulia. Aliomba maji, jivu na ufagio.

Mwenye ng'ombe alikuwa mjane aliyejulikana mtaa mzima kwa jina la Mama Usafi, na jina hilo hakupewa kwa kejeli, au tuseme kejeli ilikuwa ndogo. Ndoo zake zilianikwa juani zikiwa zimepinduliwa na kupangwa kwa ukubwa. Kuku wa jirani walijua mpaka wao. Aliyeingia uani kwake na viatu vya tope alitazamwa miguuni mpaka akakumbuka mwenyewe kurudi nje. Aliishi na mwanawe, mchomelea vyuma ambaye watu walimwita Fundi tu, pamoja na mke wa Fundi, aliyekuwa na mimba ya miezi mitano. Hiyo ilikuwa mimba ya pili. Ya kwanza ilitoka mwaka uliopita, na humo ndani hakuna aliyeitaja.

Ndiyo maana homa ya mke wa Fundi iliwakosesha wote usingizi. Ilikuwa homa isiyo na adabu. Ilibisha hodi jioni, ikamlowesha jasho hadi shuka ikabadilishwa, ikaondoka asubuhi kana kwamba haikulala pale. Viungo vilimuuma, kiuno kilimuuma. Zahanati walimtibu malaria mara mbili na homa ya matumbo mara moja. Dawa alimeza zote, na homa haikwenda popote.

Bwana mifugo alifika siku ile ile kwa pikipiki, akavaa glavu ndefu, akamfukia ndama kwenye shimo lenye chokaa, akamtoa Mheshimiwa damu. Siku ya pili yake alirudi, hata kofia ya pikipiki hakuivua.

"Damu yake inashukiwa," alisema. "Brusela. Ule ugonjwa wa kutupa mimba."

"Inashukiwa na nani?" aliuliza Mama Usafi.

"Na kipimo, Mama."

"Basi kipimo hakimjui. Niliosha sakafu, akateleza. Kosa ni langu, si la damu yake."

Bwana mifugo alikuwa mtu mpole, na upole wake ulimchelewesha kila mahali. Alieleza taratibu. Kipimo cha damu kinanusa tu, hakimshiki mwizi. Ili kumshika, maziwa yanapelekwa maabara, yanapakwa juu ya chakula maalumu, yanawekwa kwenye joto. Kama mdudu yumo, ataota juu ya kile chakula na watu watamwona kwa macho yao. Akionekana, Mheshimiwa atakwenda machinjioni, na hilo halina mjadala. Asipoonekana, nyumba itapumua.

"Machinjioni," alisema Mama Usafi. Mabati yaliyokuwa juu ya vichwa vyao yaliletwa na Mheshimiwa. Mashine ya kwanza ya Fundi ya kuchomelea aliileta Mheshimiwa.

"Ni kama akionekana, Mama. Kama."

Kwa kanuni, sampuli ilipaswa kukamuliwa na bwana mifugo mwenyewe. Lakini simu yake ilikuwa imelia mara tatu. Kulikuwa na ng'ombe wamevimba matumbo mahali pengine, na hao wasingesubiri. Alimkabidhi chupa nne ndogo zenye vifuniko vya kubana.

"Chupa nne, chuchu nne, kila moja na namba yake. Kesho alfajiri unakamua, unafunga, mimi napitia saa moja na nusu. Ila usafi, Mama! Usafi ndio kila kitu. Uchafu kidogo ukiingia, kipimo chote kimeharibika."

"Unamwambia nani?" alisema Mama Usafi.

"Na maziwa mengine ya humu ndani, mchemshe."

"Nyumba hii imechemsha maziwa tangu wewe hujaota meno."

Fundi alicheka. Mke wa Fundi, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda akichambua mchele, hakucheka, lakini hakuna aliyemwangalia.

*

Alfajiri Mama Usafi aliosha mikono hadi kwenye viwiko. Alimwosha Mheshimiwa kiwele kwa maji ya vuguvugu, akamkausha kwa kitambaa kilichopigwa pasi. Kisha, kabla ya chupa za serikali, alikamua kikombe kimoja cha bati. Yalikuwa maziwa ya moto, moja kwa moja kutoka kwenye chuchu, na povu juu.

Mkamwana wake, mke wa Fundi, alikuwa amesimama mlangoni mwa banda, kanga begani.

"Kunywa, mwanangu. Upesi, kabla mumeo hajaamka, atasema nakudekeza."

"Asante, Mama."

Kikombe hicho kilikuwa siri yao wawili. Maziwa ya nyumba yalichemshwa yote, ya chai, ya uji, ya majirani na ya wageni. Mgeni, alipenda kusema Mama Usafi, hujui tumbo lake likoje. Lakini yeye mwenyewe alipokuwa na mimba ya Fundi alikunywa mabichi, na Fundi alizaliwa mzito hadi mkunga akaita wenzake waje kumwona. Moto, kwa imani yake, ulifukuza uchafu na kufukuza nguvu pia. Mtu wa nje unamlinda na uchafu. Mtu wako unampa nguvu. Mkamwana alikunywa hadi tone la mwisho kwa sababu alimpenda mama mkwe wake, na kwa sababu maziwa ya namna ile hakuwahi kupewa na mtu mwingine.

Kisha Mama Usafi akageukia chupa. Kwanza alizisugua kwa sabuni, ingawa zilikuwa safi kuliko kitu chochote kilichowahi kuingia uani mwake. Alikamua chuchu zote nne kwenye sufuria moja. Akasimama nayo pale jikoni, akiwaza juu ya watu wenye makoti meupe watakaofungua maziwa yake. Wangeona nini? Povu na unywele wa ng'ombe? Alikuwa ameambiwa usafi ndio kila kitu. Aliwasha jiko. Yalipopanda mara ya kwanza aliyashusha, yakapanda mara ya pili, akayaacha yachemke vizuri. Aliyachuja, akayapoza kwenye beseni la maji, akayagawa kwenye chupa nne sawasawa, kwa haki, bila chupa moja kuizidi nyingine.

Bwana mifugo alipopita, alizikuta chupa zimepangwa ndani ya kikapu juu ya kitambaa cheupe.

"Kazi nzuri, Mama," alisema, akaziweka kwenye boksi la barafu.

Asubuhi hiyo hiyo, kwenye kituo cha maziwa, karani alifungua dumu la Fundi, akalifunga bila kulipima, akachora msalaba wa chaki kwenye kifuniko. Habari za ng'ombe hutembea kwa miguu minne. Foleni nzima iliona. Mama mmoja alisogeza dumu lake mbali kidogo, kwa heshima, jinsi mtu anavyosogea kwenye benchi akikaa karibu na mwenye kikohozi. Fundi alirudi nyumbani na dumu zima, na mama yake akaufuta ule msalaba kwa kitambaa cha maji, mara tatu, hata baada ya chaki kutoka.

*

Maabara ilikuwa jengo refu la chini lenye madirisha yasiyofunguliwa. Mtaalamu wa kuotesha humo ndani alikuwa mwanamke mfupi aliyekaribia kustaafu, na wenzake walimwita Mpishi. Kila Jumatatu alipika chakula cha bakteria, akakimimina kwenye sahani ndogo za plastiki, kikaganda. Alisema mwenyewe kwamba ndiye mpishi pekee asiyeonja chakula chake, na ambaye wageni wake wakishiba ndipo mwenye nyumba analia.

Chupa nne za Mama Usafi alizipokea kama alivyopokea nyingine. Alivaa barakoa na glavu, akakaa mbele ya kabati la kioo linalovuta hewa, kwa kuwa brusela humwambukiza hata anayeipima. Aliunguza waya wake motoni mpaka ukaiva, akaupoza, akachovya, akapaka kwenye sahani mistari iliyolala karibu karibu. Sahani za brusela alizitia kwenye mtungi, akawasha mshumaa mfupi ndani yake, akafunga kifuniko. Mshumaa ukala hewa mpaka ukazimika wenyewe. Wadudu hawa wanapenda hewa nzito, na vifaa vipya vya kazi hiyo viliahidiwa tangu alipokuwa na nywele nyeusi. Kando aliweka sahani nyingine ya kawaida, isiyochagua, ambayo chochote kilichomo huota siku ya pili.

Siku ya pili sahani ile ya kawaida ilikuwa tupu.

Mpishi aliiinua kwenye mwanga. Akaigeuza. Alikuwa amesoma maziwa kwa miaka thelathini na moja, na maziwa mabichi ya bandani hayawi kimya, hata ya ng'ombe mzima. Lazima kuwe na kidoa hiki cha ngozi, kile cha mkono wa mkamuaji, kile cha vumbi la majani. Sahani hii ilikuwa kimya kabisa. Alisubiri siku ya tano, ya saba, ya kumi, ya kumi na nne. Sahani za mtungini nazo zilibaki hivyo hivyo, laini, tupu.

"Hakuna kilichoota," alisema mkuu wa maabara akitafuta kalamu. "Andika."

"Hakuna kilichoota kabisa, Mkuu. Hata cha kawaida. Haya maziwa ni masafi mno."

"Siku hizi usafi nao ni kosa?"

"Kwenye kazi yetu, ndiyo. Tuombe sampuli nyingine."

"Mpishi, kuna sampuli sitini kwenye friji zinakungoja. Kipimo kimesema. Tusikisemee." Akatia sahihi.

Barua ilikuwa na mistari mitatu. Mpishi aliipiga chapa mwenyewe, na kila neno lilikuwa kweli, na hakuipenda.

*

Bwana mifugo aliisoma barua kwa sauti uani. Mama Usafi alimwomba aisome tena. Kisha alikwenda bandani, akaegemeza paji lake la uso kwenye ubavu wa Mheshimiwa, akakaa hivyo kwa muda. Alipotoka alikuwa anacheka.

Kesho yake alikwenda mwenyewe kwenye kituo cha maziwa, na gauni lake la kutokea. Alimpa karani ile barua.

"Soma."

"Nimeiona, Mama. Iko sawa."

"Soma kwa sauti. Msalaba uliuchora mbele za watu."

Karani akasoma, masikio yamemwiva. Yule mama wa siku ile akasogeza dumu lake karibu, akauliza habari za nyumbani.

Zahanatini nako barua ilifanya kazi yake. Daktari kijana alikuwa ameanza kuuliza maswali mapya: homa ya jioni, jasho, kiuno, je, nyumbani kuna mifugo? Aliandika neno kwenye kadi na alama ya kuuliza mbele yake. Fundi, kwa fahari, akatoa barua mfukoni.

"Ng'ombe wetu alipimwa, Daktari. Maabara kuu."

"Na maziwa mnachemsha?"

"Sana," alisema Mama Usafi, aliyekuwa amemshika mkamwana wake mkono. "Muulize mtu yeyote."

Daktari alimwangalia mgonjwa. Mgonjwa aliangalia chini. Mkamwana gani anamkosoa mama mkwe mbele ya daktari, tena kwa jambo alilofanyiwa kwa mapenzi? Daktari akakata lile neno kwa mstari mmoja, akaandika vidonge vya kutuliza homa. Jioni ile shuka zilibadilishwa mara mbili, na mke wa Fundi alilala amejishika tumbo kwa mikono yote miwili.

*

Mpishi alivumilia siku nane. Jumamosi, ambayo ilikuwa siku yake ya kufua, alimpigia bwana mifugo akamwomba amwelekeze nyumba. Alifika na kiboksi chake cha barafu, akafuta viatu mlangoni bila kuambiwa, na kwa hilo tu Mama Usafi akampenda.

"Karibu, dada, karibu ndani. Mkamwana, mletee mgeni chai."

Chai ililetwa, nzito kwa maziwa. Mpishi aliishika bila kuinywa. Alisema yeye ndiye aliyepima yale maziwa, na amekuja kuuliza kitu kidogo tu. Yalikamuliwa vipi?

Mama Usafi alifurahi kuulizwa. Alieleza habari za maji ya vuguvugu, kitambaa cha pasi, sabuni ya chupa. Mpishi aliitikia kwa kichwa kila hatua, akisubiri.

"Halafu?"

"Halafu nikayachemsha."

Bwana mifugo aliyekuwa amesimama kwenye kizingiti alijishika kichwa.

"Uliyachemsha," alisema Mpishi.

"Ningewapelekea watu wa ofisi maziwa mabichi? Nyumba hii haimpi mtu baki maziwa mabichi, dada yangu. Hata hayo ya chai uliyoshika yamepanda mara mbili. Kunywa bila wasiwasi."

Mpishi akanywa, kwa adabu, funda moja refu. Alikuwa na hasira na alikuwa na huruma, na hakujua aanze na ipi. Akaweka kikombe chini.

"Mama, ukitaka kujua kama mbegu zitaota, unazikaanga kwanza?"

Ilichukua muda, na wote waliona usoni pa Mama Usafi jinsi jambo lilivyoingia, polepole.

"Mlitafuta walio hai," alisema.

"Tulitafuta walio hai. Wewe ulituletea maiti."

"Niliambiwa usafi."

"Kosa ni letu," alisema bwana mifugo kwa sauti ndogo. "Ni langu. Ningekamua mwenyewe."

Walikwenda bandani wote. Safari hii Mpishi alichuchumaa mwenyewe. Alifuta kila chuchu kwa pamba yenye spiriti mpaka pamba ikatoka nyeupe. Alitupa matone ya kwanza ardhini, akalaza chupa ili vumbi lisiingie, akakamua kidogo tu, akafunga. Mama Usafi alishika mkia. Alihesabu kimoyomoyo: pamba nne, chupa nne, hakuna sufuria.

Pale mlangoni, Mpishi alimwona mke wa Fundi amevaa sweta kwenye jua la saa sita.

"Una homa, mwanangu?"

"Inakuja na kwenda, Shangazi."

"Kuna mtu humu anayekunywa maziwa mabichi?"

"Hakuna," alisema Fundi. Mama Usafi alikuwa anamfunga Mheshimiwa kamba, na ile kamba ilimchukua muda mrefu kuliko kawaida.

Jumapili alfajiri hakukuwa na kikombe cha bati. Mke wa Fundi alisimama mlangoni mwa banda na kanga yake, na Mama Usafi, bila kugeuka, alimwambia arudi akalale, kuna baridi. Jumatatu alikwenda kituoni, akasubiri zamu yake kwenye foleni, akamwekea karani dumu tupu mezani.

"Chora msalaba," alisema.

"Lakini barua, Mama..."

"Nimesema chora. Barua haikuwa na kosa. Mwenye kosa ni mimi."

*

Sahani ya kawaida ilijaa siku ya pili. Vidoa vyeupe, vidoa vya manjano, kelele tupu. Mpishi akapumua. Sahani za mtungini zilikaa kimya siku ya tatu na ya nne. Siku ya tano, kwenye mistari ya chuchu ya pili na ya nne, palikuwa na vidoa vidogo sana, vya mviringo, vinavyopitisha mwanga, vya rangi ya asali. Alivitazama kwa muda mrefu. Vilikuwa vizuri, na hilo lilimuudhi kila mara. Akafanya vipimo vya kuthibitisha, akaandika, na mkuu wa maabara akatia sahihi.

Hakutuma barua. Alikwenda yeye na bwana mifugo, na fomu ya watu waliokaribia mnyama mgonjwa.

"Ameonekana," alisema bwana mifugo.

Fundi alikaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa, na mama yake hakumkataza.

Mpishi alifungua fomu. "Nani alimshika yule ndama?"

"Mimi, na mkamwana alinisaidia kubeba," alisema Mama Usafi.

"Nani amekunywa maziwa mabichi?"

"Nadhani ni yule ndama, Shangazi," alisema mke wa Fundi haraka. "Nilimshika kwa mikono mitupu. Itakuwa ni hapo tu."

"Homa yako ilianza lini?"

"Ni... kama miezi miwili na nusu."

"Ndama alitupwa wiki sita zilizopita. Hesabu haikubali, mwanangu. Siulizi ili nimkamate mtu. Daktari akijua, kuna dawa, na ipo inayomfaa mjamzito. Asipojua, mdudu huyu anafanya kwa watu kile alichokifanya kwa Mheshimiwa."

Machozi yalimtoka mke wa Fundi bila sauti. Hakuwa anajililia mwenyewe. Alikuwa amesimama na siri ya mtu mwingine mkononi na hakujua pa kuiweka.

"Andika jina langu," alisema Mama Usafi.

"Ulikunywa wewe, Mama?"

"Sikunywa. Nilimnywesha." Aliongea akitazama mikono yake, iliyokuwa safi. "Kikombe kimoja, kila alfajiri, tangu nilipojua ana mimba. Nilimwambia asimwambie mumewe. Daktari aliuliza mbele yangu, nikamwambia tunachemsha. Na wewe uliuliza, nikajifanya nafunga kamba."

"Mama," alisema Fundi.

"Niache nimalize. Wageni niliwachemshia. Nyinyi wa maabara, nisiowajua hata sura, niliwachemshia mara mbili. Huyu mwanangu nilimpa mabichi. Nilidhani ndiyo nampenda."

Fundi alisimama. Kwa muda mfupi ilionekana kama angesema jambo ambalo halirudishwi. Badala yake aliingia ndani, akatoka na kadi ya zahanati na viatu vya mkewe, akapiga goti akamvalisha, kwa kuwa vifundo vilikuwa vimevimba. Walipofika getini, mke wa Fundi aligeuka. "Mama, nifulie ile kanga ya kijani," alisema, kana kwamba anakwenda sokoni tu.

Mama Usafi alibaki na Mpishi.

"Na yule wa kwanza?" aliuliza. "Wa mwaka jana. Naye nilimpa kikombe."

Mpishi alikuwa anajua kusema uongo mdogo wa huruma, na alifikiri kuusema. "Hilo, Mama," alisema, "hakuna sahani itakayolijibu."

Mama Usafi alitikisa kichwa. Akaenda kuitafuta ile kanga ya kijani.

*

Mheshimiwa alichukuliwa Alhamisi. Alipanda lori polepole, akiwa na dharau ile ile, akatafuna majani ya mwisho bila kuuliza anakopelekwa. Banda lilimwagiwa chokaa, likakaa tupu, safi kuliko lilivyowahi kuwa, na Mama Usafi hakuweza kulitazama.

Vidonge vilikuwa vya wiki sita. Vilimtia mke wa Fundi kichefuchefu, vikamgeuza mkojo rangi ya chungwa, lakini wiki ya pili homa iliruka jioni moja, halafu tatu, halafu ikasahau njia. Mtoto alizaliwa wiki tatu kabla ya siku zake, msichana, mdogo kiasi cha kutisha, mwenye sauti ya kugombana. Mkunga hakuita wenzake waje kumwona. Alimfunga vizuri akampa bibi yake, na bibi akasema mikono yake haijawa safi, akaenda kunawa, akarudi, akasema tena haijawa safi. Mara ya tatu mkunga akamwekea mtoto kifuani bila kumsikiliza.

Humo ndani maziwa sasa yalinunuliwa dukani, ya pakiti, yaliyokwisha kuchemshwa kiwandani. Mama Usafi aliyachemsha upya. Lakini hakumpa mkamwana wake kitu cha kunywa kwa mkono wake. Aliweka birika mezani, akaondoka, kila mtu ajimiminie. Miezi ilipita hivyo. Kikombe cha bati hakikuonekana.

Asubuhi moja mke wa Fundi aliingia jikoni, mtoto begani, na kile kikombe mkononi. Alikuwa amekikuta nyuma ya gunia la mkaa, kimefungwa kwenye gazeti.

"Mama, nina njaa. Nipe maziwa yangu."

Mama Usafi alikitazama kikombe. "Hicho nilitaka kukitupa."

"Kwa nini? Ni changu."

Akakipokea, akakiosha, akakisuuza, akakiosha tena. Akaweka sufuria jikoni. Maziwa yakapanda, akayashusha. Yakapanda, akayashusha. Yakapanda mara ya tatu, yakamwagika kidogo juu ya jiko lake, na yeye akayaangalia tu.

"Yamechemka, Mama."

"Bado."

"Unanichemshia kama mgeni."

"Kama mgeni," alisema Mama Usafi. Alimimina, akakifuta kikombe pembeni kwa ncha ya kanga, akampa kwa mikono miwili. Mke wa Fundi alikipokea, akapuliza, akagusa kwa mdomo, akakirudisha.

"Ya moto sana."

"Subiri yapoe," alisema Mama Usafi, akamchukua mtoto, akakaa naye kwenye kigoda. "Tutasubiri wote."